Mbegu Zilizopigwa Lipu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niseme mapema ili tusisumbuane. Nimeanza kubeba matenga ya samaki nikiwa na darasa la tano tu kichwani, tena halijaisha. Nimelala juu ya magunia ya dagaa, nimemwona mtu akitajirika kwa minofu ya sangara na huyohuyo nimemwona akiomba nauli. Nimeuza misumari ya kupimia kiganjani mpaka leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, na ukikuta nyumba imepigwa lipu safi upande wa Buhongwa, uliza saruji ilitoka kwa nani. Wenye vyeti vya kutundika ukutani wanakuja kuniomba kazi na ninawapokea vizuri, sina neno nao. Sasa mtu wa namna hiyo utamshangaza na nini?

Na nyanya. Nyanya moja, tena imepasuka begani.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Magu kuangalia kiwanja, nikasimama Kisesa kununua mboga pale kando ya barabara. Mama mmoja wa makamo alikuwa amepanga mafungu ya nyanya juu ya gunia. Hazikuwa nyanya za kuvutia macho. Zilikuwa bapa, zina matuta kama maboga madogo, na nyingine zimechanika pale kwenye kikonyo. Nikaokota moja ili nimwambie apunguze bei, maana nyanya za hivyo nani anazitaka siku hizi, nikaisogeza puani kwa mazoea. Harufu ikanipiga. Harufu kali ya majani mabichi, ile inayobaki mikononi ukitoka bustanini, na chini yake moshi na jivu. Moshi na jivu havikuwa kwenye nyanya, vilikuwa kwangu mimi. Nikasimama pale na shati langu la kupigwa pasi kama mtoto aliyepotea mnadani. Halafu hasira ikapanda. Wenzangu wakikumbuka utoto wanalia. Mimi nilitaka kumpiga mtu, na wa kumpiga hakuwapo.

Ngoja nieleze hasira hiyo inatoka wapi. Wewe uliyekua miaka ile hutanishangaa.

Nyumba yetu ilikuwa Butimba, upande wa kuteremkia ziwani, kati ya mawe. Nyuma yake kulikuwa na kipande cha ardhi kinachoishia kwenye matete. Baba alikuwa na kiwanda chake, yaani kiwanda alichoajiriwa lakini alikiita chake, na mama alikuwa na bustani. Hakuna aliyeingilia cha mwenzake. Mama alipanda mchicha karibu na mahali pa kumwagia maji ya kufulia. Mgagani aliuacha ujiotee pembeni. Majani ya kunde yalitambaa kwenye uzio wa minyaa, kulikuwa na ngogwe, zile nyanya chungu, ambazo mimi niliziona ni adhabu, na katikati, kwenye udongo mweusi kuliko wote, zilikuwako nyanya za mabega. Jina hilo ni letu, tulizipa kwa sababu zilikuwa na mabega. Mbegu yake mama alikuja nayo kutoka kwao ng'ambo ya kivuko cha Busisi siku alipoolewa, na bibi naye aliikuta kwa mama yake.

Kuchagua nyanya ya mbegu haikuwa kazi ya kutuma mtoto. Mama alitoka jioni na kipande cha kanga kuukuu, akapita mche kwa mche. Mche uliobeba sana aliupita. Uliowahi kuiva aliupita. Alikuwa akiinama na kugeuza majani, akinung'unika peke yake Kisukuma, mpaka afike kwenye ule mche uliochapwa na jua la mwisho wa kiangazi ukabaki umesimama. Hapo alichagua nyanya ya kawaida tu, akaifunga kitambaa kwenye kikonyo. Nikamuuliza mbona anaacha kubwa.

"Kubwa ni ya kula," akasema. "Ya mbegu ni iliyovumilia."

Mimi nilijua kile kitambaa ni dawa. Hakuna aliyeniambia, nilijua tu, kama watoto wanavyojua mambo. Nilijua ukila nyanya iliyofungwa tumbo linafura mpaka kitovu kinatokeza kama kidole. Niliwaonya watoto wenzangu, na mbuzi wa jirani nilimwonya pia, kwa sauti, nikimwonyesha kidole.

Nyanya ile ikishalainika kabisa mama aliikamulia jikoni, akachanganya mbegu na jivu, akazibandika ukutani juu ya mafiga. Jiko letu lilikuwa la udongo, limesimama peke yake uani. Ukuta ule ulikuwa na viraka vya kijivu kutoka usawa wa kichwa cha mama mpaka karibu na paa, kila kiraka na mbegu zake, zimekaushwa na moshi hata mdudu hasogei. Mvua zikikaribia alikwangua kwa kisu kiasi anachotaka.

Na mbegu haikuuzwa. Hiyo ndiyo sheria niliyolelewa nayo. Ukitaka mbegu kwa jirani unakwenda na chumvi, unaiweka chini, unapewa mbegu, unaondoka. Husemi asante. Ukisema asante umeikata, haioti. Jirani yetu wa upande wa pili wa minyaa alikuwa Mama Kulwa, mjane, mama wa mapacha Kulwa na Dotto waliokuwa wakubwa kuliko mimi. Alikuja siku moja na chumvi ndani ya karatasi, na mama akamkwangulia kiraka kizima cha nyanya za mabega. Nilikuwa mtoto mchoyo, nikalalamika kwa nini anagawa.

"Sigawi," mama akanijibu. "Naiweka kwake."

Nikadhani Mama Kulwa ana stoo. Siku kadhaa nilichungulia kwenye minyaa niione.

Kisha kiwanda kikauzwa. Unazikumbuka siku zile, kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, soda za kopo ruksa, wageni kununua kiwanda kwa bei wanayoijua wao ruksa, na kumwambia mtu aliyetoa ujana wake kwenye mashine kwamba kesho asije, nayo ruksa. Baba akarudi nyumbani na kiinua mgongo kidogo na ovaroli lake la bluu ndani ya mfuko wa nailoni. Mwanamume aliyezoea king'ora alikaa uani akiangalia kuku. Mama alimpisha, akamletea chai, hakumuuliza kitu. Siku moja baba akanyanyuka kwenye kigoda, akazunguka bustani mikono nyuma, akarudi akatangaza kwamba kuanzia leo shamba hili lina meneja.

Wiki hiyohiyo akapita mtu wa mbegu. Alikuja na pikipiki, kofia nyekundu, begi limejaa makopo yenye picha. Kopo alilompa baba lilikuwa na nyanya ndefu kidogo, laini, nyekundu moja kwa moja bila kovu. Alikuwa na maneno yaliyopakwa mafuta. Alisema nyanya hii inafika Dar es Salaam bila kupondeka, wenye hoteli wanaililia, na kwamba nyanya zetu za kienyeji ndizo zinazotunza magonjwa ardhini, kwa hiyo ukitaka hii mpya ifanye kazi, ng'oa zote. Baba akawa anatingisha kichwa kama yuko kanisani.

Jioni akaliweka lile kopo mezani mbele ya mama.

"Mama Limi," akasema, maana Limi ni dada yangu mkubwa, "nchi inakwenda mbele. Sisi bado tunalima nyanya zenye nundu."

Mama alilishika kopo, akalitingisha sikioni. Aliomba tuta moja tu libaki la mabega. Baba akasema mtu wa mbegu amekataza. Akaomba basi ngogwe zibaki. Baba akasema ngogwe na nyanya ni ndugu, zinaambukizana. Lakini yule mtu aliporudi kuchukua hela yake iliyobaki mama alimfuata mpaka kwenye pikipiki, mimi nimeshika kanga yake. Akamuuliza swali moja, kwa adabu, mwanangu hii mbegu inatunzwaje kwa msimu unaofuata?

"Hii haina shida, mama," yule mtu akasema, akapiga kiki, akaondoka.

Sasa hapo ndipo shingo yangu inapokaza mpaka leo. Aliulizwa. Angekuwa hakuulizwa ningesema mtu anatafuta riziki yake, mimi mwenyewe ni mfanyabiashara, sisemi kila kitu. Lakini ukiniuliza kama saruji hii imekaa sana nitakwambia imekaa sana. Yule aliulizwa na mwanamke aliyeijua kazi kuliko yeye, akampa jibu la kumfukuzia kuku.

Baba aling'oa kila kitu. Mgagani, kunde, ngogwe, vyote vikalundikwa kwenye matete vikanyauka. Na usinielewe vibaya, msimu wa kwanza ulikuwa mzuri. Sitasema uongo ili hadithi ipendeze. Zile nyanya zilibeba mpaka miti ya kuzishikilia ikainama. Wachuuzi walikuja na matenga yao hadi mlangoni, wakamwita baba mzee wa kisasa, na baba akaanza kuvaa tena shati la kuchomekea. Mama Kulwa alisimama kwenye minyaa akasema, kama jirani yeyote angesema, Baba Limi nyanya zako zinapendeza. Baba akacheka, akampa sita. Zilikuwa ngumu kama viazi na mchuzi wake ulikuwa maji, lakini tulikula kimya. Mama hakuwa na haraka. Ukuta wake ulikuwa umejaa.

Ndipo bibi akafa. Mama na Limi wakavuka Busisi kwenda kuzika, wakakaa huko mpaka matanga yaishe. Na baba, Mungu amrehemu, akapata wazo. Alitaka kumfurahisha mke wake, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, maana mtu akikukosea kwa ubaya unajua pa kumshika. Alichukua hela ya nyanya, akaleta fundi, akaleta saruji, akalipiga lipu lile jiko ndani na nje. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoo nikimtazama fundi. Nilipenda sauti ya mwiko. Nilipenda jinsi ukuta mchafu unavyomezwa ukawa laini kama yai, na sitaficha kwamba riziki yangu yote nimeipata kwa mapenzi ya siku ile. Fundi alipofika juu ya mafiga aliuliza hivi viraka ni vya nini. Baba akasema ni upele, ufunike.

Mama akarudi amevaa nguo za msiba. Akaweka kikapu chini, akaingia jikoni, akakaa humo mpaka baba akaacha kutabasamu.

"Mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu gani? Zile takataka?" Baba akamfuata mlangoni. "Sasa una jiko la watu, mke wangu. Gusa uone."

Mama akagusa. Aliweka kiganja chote juu ya mafiga, akakiacha hapo kama mtu anayempima mtoto homa. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kule ng'ambo bibi alikuwa ameacha kulima siku nyingi kabla ya kufa, jiko lake lilikuwa tupu, na mama alikuwa ametoka kuliona kwa macho yake.

Mimi sikuhuzunika, kwa sababu nilikuwa na siri. Nilijua mbegu zikifunikwa zinaota. Si ndivyo zinavyofanywa bustanini? Basi kila asubuhi kabla ya shule nilichota maji ya ziwani kwa kopo, nikaumwagia ukuta. Nilikuwa na mpango nyanya zikitokeza niwauzie wachuuzi tiketi ya kuja kuziona. Baada ya muda lipu ikapata ufa mwembamba palepale juu ya mafiga, na nikaruka kwa furaha, nikaweka jicho. Nilikuwa bado nimeweka jicho baba aliponikamata. Alinichapa kwa mkanda wa kiwandani kwa kosa la kuharibu lipu. Mama hakunitetea mbele yake. Alikuja baadaye na mafuta ya kunipaka, nikamweleza habari ya kumwagilia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka, akacheka mpaka akakaa chini.

"Huko haitoki, baba yangu," akasema. "Si niliiweka? Iko kwa Mama Kulwa. Mvua zikikaribia tutakwenda."

Na akanunua chumvi. Akaiweka kwenye rafu, juu ya kitambaa, ikingoja mvua.

Baba naye alikuwa anajiandaa. Kwenye msimu wake wa kwanza alikuwa amechagua nyanya za mbegu kama alivyomwona mama akifanya, ila yeye alichagua zile kubwa kuliko zote, na badala ya kanga alichana ovaroli lake akazifunga kwa vipande vya bluu. Mama alimpa jivu alipoomba. Hakungoja mvua, alipanda kiangazi akamwagilia maji ya ziwani. Mbegu ni mbegu, ndivyo alivyojua yeye, na ndivyo walivyojua watu wote wa ziwa hili tangu enzi na enzi, kwamba ukipanda cha mzazi unavuna cha mzazi.

Zilizoota zilikuwa aibu. Mche huu ulikuwa na nyanya kama gololi, wa jirani yake ndefu kama pilipili, mwingine mkubwa wenye majani mengi usio na hata moja, mwingine chachu isiyolika. Tuta moja lilikuwa na ukoo wa watu wasiojuana. Wachuuzi walikuja na matenga, wakaangalia, mmoja akasema mzee wa kisasa umetufugia yatima, wakaondoka wakicheka. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari. Nilijua ni kile kitambaa. Kanga ya mama ilikuwa na nguvu, lakini lile ovaroli lilikuwa limefukuzwa kazi, na kitu kilichofukuzwa kazi hakifanyi kazi. Nilikuwa karibu na ukweli kuliko baba.

Maana baba alikuwa na jibu lingine. Alikumbuka yale maneno ya kwenye minyaa, nyanya zako zinapendeza. Siku ya pili ya kutazama shamba lile alikwenda kwenye uzio, mchana kweupe, watu wakipita na ndoo za maji, akasema kwa sauti kwamba kuna macho katika mtaa huu yanayounguza jasho la wenzao, na kwamba mwenye macho hayo anajulikana na nyumba yake inajulikana.

Katika mkoa wetu, miaka ile, mjane kuambiwa hivyo mbele ya watu haukuwa utani. Wewe uliyekua huku unajua wanawake wangapi walitolewa uhai kwa maneno machache kuliko hayo. Mama Kulwa alikuwa anaanika dagaa. Akaacha. Hakumjibu baba, alimpita kama mti, akamtafuta mama aliyekuwa amesimama nyuma na jembe.

"Mama Limi, na wewe unasema hivyo?"

Nilikuwa karibu kiasi cha kumgusa mama. Baba alikuwa mbele yake, watu wa ndoo wamesimama, na chumvi ilikuwa kwenye rafu. Mama hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Aliangalia jembe.

Baada ya hapo watoto wakakatazwa kupita kwa Mama Kulwa. Mtu akarusha jiwe juu ya bati lake, kisha mtu mwingine. Kabla ya mvua kukolea, likaja gari dogo la mizigo, mapacha wakapakia vitanda na masufuria, na Mama Kulwa akapanda mbele na kibuyu mapajani, hakugeuka. Ile chumvi ilibaki rafuni. Hakuna aliyethubutu kuitia mbogani. Ikavuta unyevu, ikakauka, ikawa jiwe moja, na kila nikiingia jikoni nilikuwa naliona pale juu, chini ya ule ukuta mzuri.

Baba alitafuta kopo jingine kama lile. Mtu wa pikipiki alikuwa amehamia mkoa mwingine, na dukani bei ilikuwa si ya mtu aliyefukuzwa kazi. Bustani ikawa majani, kisha ikauzwa, na mimi nikaenda kubeba matenga ya samaki. Shule yangu iliishia hapo kwenye lile tuta la yatima. Sijutii, nimesema mwenyewe mimi ni nani. Lakini nisiambiwe nilichagua.

Ukweli niliupata ukubwani, bure, kama takataka barabarani. Kijana wa duka la pembejeo lililo jirani na duka langu la pili alikuwa anamwambia mteja, mzee hizi ni chotara, usirudie kupanda mbegu zake, utavuna mchanganyiko. Nikamuuliza amesemaje. Akarudia. Akasema kila mtu anajua. Kila mtu! Nilitoka nje nikapiga teke gunia la saruji mpaka likapasuka, na vijana wangu wakadhani nimefilisika. Baba alikuwa ameshazikwa, amekufa akiamini jicho la jirani lilimmaliza. Neno moja tu la yule mtu, palepale kwenye pikipiki, na Mama Kulwa angekuwa anaanika dagaa zake Butimba mpaka leo.

Sasa rudi Kisesa. Nimeshika nyanya, nimemuuliza yule mama muuzaji mbegu hii ameitoa wapi.

"Ni ya mama," akasema. Akanitazama vizuri. "Mimi ndiye Kulwa. Na wewe una kichwa cha baba yako, nilikuona tangu unashuka kwenye gari."

Nikatoa pochi. Nikamwambia nataka mbegu, ataje bei, asiogope kutaja. Kulwa akacheka mpaka jirani yake wa viazi akageuka.

"Bosi, nyanya nakuuzia. Mbegu tangu lini ikauzwa?"

Nikamwomba anipeleke kwa mama yake. Akasema nyumba ni ile yenye minyaa, niende mwenyewe nikaone kama nitapokelewa. Nilimkuta Mama Kulwa ameketi kwenye mkeka anapukuchua kunde, mdogo, amekauka, macho mekundu ya moshi kama ya mwanamke yeyote aliyepikia kuni maisha yake yote. Nikampa shikamoo nikiwa nimeinama. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nyuma yake niliziona, matuta manne yaliyonyooka, na kwenye mche mmoja kitambaa cha kanga. Nikaanza kuongea, na mimi nikianza kuongea huwa sishindwi. Nikamwambia nilivyofanikiwa, nikamwambia naijua historia, nikamwambia nyumba yake hii ya udongo nitaipiga lipu yote, ndani na nje, bure.

Akaacha kunde.

"Hata wewe, lipu?" akasema.

Nikajikuta nimechuchumaa naokota kunde zilizomwagika. Mimi! Akaendelea na kunde zake, kisha akasema amesikia mama yangu yu hai, na mama yangu anajua mbegu inavyoombwa.

Nilikwenda Nyegezi nikiendesha kama mwendawazimu. Mama anakaa kwangu, nyumba ya vigae, uani nimemwaga zege kutoka ukuta hadi ukuta ili asikanyage matope. Nilimpa ile nyanya. Akainusa. Akaipapasa mabega, halafu akasema nimnunulie chumvi. Nikamwambia mama, chumvi jikoni imejaa.

"Ya jikoni ni yako," akasema.

Tukaenda kesho yake. Mama alivaa kanga mpya, na chumvi akaipakata njia nzima. Alipofika kwenye mkeka hakungoja kukaribishwa, alipiga magoti kwa shida, akaweka chumvi chini. Mama Kulwa aliitazama ile chumvi, akamtazama yeye.

"Siku ile nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Sikusikia jibu."

Mama akaisogeza chumvi mbele. "Hukuharibu kitu, Mama Kulwa. Nilijua siku ileile. Nikanyamaza."

Nilitegemea watakumbatiana. Nilitegemea machozi, maana ndivyo watu wanavyotaka mambo yaishe. Mama Kulwa hakumwambia nimekusamehe na hakumwambia sikusamehe. Alimwambia Dotto alikufa mwaka waliohama, kwa homa, na mtaa mpya haukuwa na mtu wa kumkimbilia usiku. Mama akainamisha kichwa. Kisha Mama Kulwa akainuka akijishika kiuno, akaichukua chumvi, akaenda mpaka kwenye ule mche, akarudi na nyanya iliyofungwa kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha mama. Mimi nikafungua mdomo niseme asante, na mama akanifinya paja, mimi mwenye maduka matatu, akanifinya kwa kucha mpaka nikanyamaza.

Nimevunja zege la uani. Nimevunja mwenyewe kwa nyundo, vijana walitaka kunisaidia nikawafukuza. Zimeota, na kila asubuhi mama anatoka na fimbo yake kuzikagua. Lakini mtu asije akaniambia sasa mambo yameisha. Sijatulia. Nazidi kukasirika kila ninapozimwagilia, kwa sababu najua ilivyokuwa rahisi.

Ile chumvi niliinunua kioski cha pale kona. Nilimpa muuzaji noti ya elfu kumi, akasema bosi chenji hamna, chukua tu, pakiti ya chumvi ni kitu gani kwako. Nikamwambia naingoja. Akatuma mtoto kwa muuza mkaa, akatuma kwa fundi cherehani, na mimi nimesimama juani, watu wananisalimia wanashangaa, mpaka chenji yangu yote ikakusanywa na kuhesabiwa mkononi mwangu. Sikutaka mtu aje kusema chumvi ile ilinigharimu zaidi ya ilivyogharimu. Nyumba mbili, bustani, shule, Dotto, na maisha yote ya wanawake wawili kutosalimiana. Shilingi mia saba.